Mbwa wa kizimba namba 14 karudishwa mara ya tatu. Tatizo ni mbwa, ni watu au ni kituo?

#1 Mshika Ufagio

Wakuu, salaam.

Najitolea kwenye kituo cha umma cha kutunza wanyama walioachwa, Jumamosi na Jumapili asubuhi, mwaka wa tatu huu. Cheo sina. Mimi ni ufagio, ndoo na kutembeza mbwa.

Kizimba namba 14 kuna dume wa kahawia, mdomo umeanza kuota mvi, kadi inasema miaka 7. Juzi karudishwa kwa mara ya tatu. Nilipofungua mlango sikumvuta, aliingia mwenyewe. Akazunguka mara moja, akajilaza kwenye ileile kona aliyokuwa analala zamani, akageukia ukutani. Hata mkia hakuutikisa, na ananijua vizuri tu.

Kadi zake za kurudishwa nimezisoma zote tatu. Ya kwanza: "Anabweka mchana kutwa, majirani wamelalamika." Ya pili: "Anakojoa ndani." Ya tatu: "Ameharibu mlango." Sasa cha ajabu, hapa kituoni hana hata moja. Kubweka hawazidi wenzake, na haja ndogo anaibana mpaka nimtoe nje.

Swali la kwanza ni hilo la kwenye kichwa cha uzi. La pili ndilo linaloninyima raha: kwa nini vizimba havipungui? Wikiendi tunatoa mbwa sita, saba, tunapiga picha, tunapunga mikono. Jumatatu pamejaa kama hatukufanya kitu.

#2 Sumu ya Panya

Chakula mara mbili kwa siku, malazi ya bure na mtu mzima wa kukufagilia. Hata mimi ningekojoa ndani ili nirudishwe.

#3 Ngozi Ngumu

Ni watu, mkuu. Usiumize kichwa. Mtu anachukua mbwa kama anachukua kochi, akishaona halitoshi sebuleni anarudisha. Kila anayerudisha mnyama angeandikwa jina ukutani na asipewe mwingine, mngeona vizimba vitakavyopungua.

#4 Bibi Mapaka

Wanangu, mnazunguka tu. Jibu la swali la pili ni uzazi. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi 4 tu, anabeba siku 63 hadi 65, na anaweza kupata joto tena angali ananyonyesha. Nilisoma kwamba jozi moja ya paka inazaa ukoo wa paka 420,000 kwa miaka 7. Mtagawa mpaka mchoke. Dawa ni kuhasi madume na kufunga majike kizazi, hayo mengine ni hadithi.

#5 Mtu wa Hesabu

Shikamoo Bibi. Hiyo laki nne na ushee inazunguka miaka mingi na ni hesabu ya karatasini. Ili ifike huko, kila mtoto aishi, kila jike azae mpaka mwisho wa uwezo wake, pasiwe na gari, ugonjwa wala njaa.

Kuna utafiti wa paka wa mitaani uliochapishwa Marekani mwaka 2004. Jike alizaa wastani wa mara 1.4 kwa mwaka, na kati ya watoto 169 waliofuatiliwa, 127 walikufa au kupotea kabla ya kutimiza miezi 6. Ukiweka vifo hivyo kwenye hesabu, laki nne inayeyuka.

#6 Bibi Mapaka

Marahaba. Kwa hiyo robo tatu ya watoto kufa ndiyo habari njema uliyoniletea?

#7 Sumu ya Panya

Mtu wa Hesabu kapigwa na kitu kizito 😂

#8 Nahodha Mstaafu

Nakubaliana na Bibi kwa uchungu. Niliokota paka mdogo wa rangi tatu, nyeupe, nyeusi na ya machungwa. Nikampa jina Jenerali, maana alikuwa anatembea kama anakagua gwaride. Mwezi wa sita Jenerali akaanza kunenepa. Nikapunguza chakula. Wiki chache baadaye nikavuta droo ya soksi nikakuta Jenerali na makoplo watano.

#9 Bibi Mapaka

Nahodha, rangi tatu karibu wote ni majike. Rangi ya machungwa iko kwenye kromosomu ya X, na ili apate machungwa na nyeusi kwa pamoja anahitaji X mbili, na mwenye X mbili ni jike. Dume wa rangi tatu yupo ila ni nadra sana. Ungeniuliza mapema usingempunguzia mjamzito chakula.

#10 Nahodha Mstaafu

Namwomba radhi Jenerali hadharani. Ila nina swali kwa mleta uzi. Nilipeleka familia nzima kituo cha umma, wakaniambia nikae nao nyumbani mpaka watoto watimize wiki 8, halafu wote warudi wahasiwe na watafutiwe watu. Niliona kama wananikwepa. Kituo cha umma si kazi yake kupokea?

#11 Karani wa Zamani

Nilikaa kaunta ya mapokezi ya kituo cha umma miaka kadhaa, hilo nalijibu mimi. Hawakukukwepa. Watoto wa paka wa wiki mbili kituoni ni kama kuweka wachanga kwenye stendi ya mabasi. Kila siku paka mpya anaingia, na kila anayeingia anakuja na virusi vyake. Virusi vya panleukopenia vikiingia chumba cha watoto, asubuhi unaokota maiti tu. Na wasio na mama wanataka chupa kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana, na ukishawalisha unawapangusa chini kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu ndipo wakojoe, maana hawajui kujikojolea wenyewe. Kituo kinafungwa jioni, nani atakesha nao? Droo yako ya soksi ilikuwa hospitali nzuri kuliko yetu.

Nikiwa hapohapo, ukikuta vitoto vya paka vimejikunyata mahali, usivizoe ukakimbia kituoni. Mara nyingi mama kaenda kutafuta chakula. Kaa mbali, tazama saa kadhaa. Tulikuwa tunaletewa maboksi ya "yatima" ambao mama yao yuko anazunguka anawatafuta.

Sasa kuhusu kadi. Mshika Ufagio, usiziamini kadi. Mtu anayerudisha mnyama anaona aibu, anaandika sababu itakayomtoa mlangoni haraka. Nimeona kadi imeandikwa "mkali", nikamuuliza mtoto aliyeshika mnyororo, akasema, "Baba mwenye nyumba kasema bila mbwa." Kuhama na masharti ya nyumba za kupanga vilikuwa juu kabisa kwenye daftari langu, na hela ya daktari ikifuata. Mbwa mkali kweli walikuwa wachache.

@Ngozi Ngumu, hilo la kuandika majina ukutani lilishajaribiwa kwa namna nyingine, tulikuwa tunawasema watu vibaya pale kaunta. Matokeo yake wakaacha kuja mchana. Wakaja usiku. Asubuhi moja nilikuta boksi limefungwa kwa gundi, juu limewekewa tofali ili waliomo wasitoke.

#12 Ngozi Ngumu

Sawa, tofali limeninyamazisha. Lakini bado ni watu.

#13 Dokta Kwato

Mimi ni daktari wa wanyama, na simpimi mgonjwa kupitia uzi. Lakini mbwa wa miaka 7 anayeambiwa anakojoa ndani, kitu cha kwanza ni mkojo wake na damu yake. Maambukizi ya kibofu, figo, kisukari, vyote vinaweza kumfanya ashindwe kuzuia. Tabia tunaisema mwisho, baada ya mwili kupimwa. Amepimwa?

#14 Mshika Ufagio

Alipimwa aliporudi mara ya pili, Dokta. Mkojo safi. Jino moja lilikuwa bovu, likang'olewa.

#15 Jiwe la Pembeni

Mimi nitawaharibia raha. Nilichukua mtoto wa mbwa kituo cha umma, sitakitaja. Cheti cha chanjo ninacho, watoto wangu wakampa jina tukiwa njiani. Siku ya nne akaacha kula, siku ya tano akatapika na kuharisha damu, siku ya sita akafa mapajani kwa binti yangu. Parvo, ule ugonjwa wa virusi wa mbwa. Walinipa mbwa mgonjwa, wakanipigia makofi getini. Kwa hiyo mleta uzi ukiuliza kama tatizo ni kituo, jibu langu unalo.

#16 Dokta Kwato

Pole sana, kaka. Parvo inakaa mwilini kama siku 3 hadi 7 kabla ya kujionyesha. Inawezekana kabisa siku aliyotoka alikuwa anacheza na joto la mwili liko sawa, huku kirusi kimo. Na chanjo moja haimkingi mtoto, kwa sababu kinga aliyonyonya kwa mama inaizuia chanjo isishike. Ndiyo maana tunarudia kila baada ya wiki mbili hadi nne mpaka afike wiki 16. Cheti kinaonyesha ameanza tu, bado hajamaliza.

#17 Jiwe la Pembeni

Dokta nakuheshimu, ila kama wanajua inajificha siku 7, kwa nini wasimtenge siku 7 ndipo wamtoe?

#18 Karani wa Zamani

Kwa sababu siku 7 za kukaa ndani ndizo siku 7 za kuambukizwa kingine. Mtoto wa mbwa anayetoka mapema ana nafasi nzuri kuliko anayesubiri kwenye foleni ya vizimba.

#19 Jiwe la Pembeni

Basi mseme hivyo pale getini kabla ya makofi. Mimi ningemchukua hivyohivyo, ila ningemweka binti yangu tayari.

#20 Mshika Ufagio

Hapo Jiwe una haki, sisi hatukuwa tunasema. Sasa tunasema, angalau kwenye zamu yangu.

Watu hudhani usafi wa kituo ni kumwaga maji. Tunaanza na vizimba vya watoto wenye afya, kisha wakubwa wenye afya, mwisho kabisa wagonjwa, na harudi mtu nyuma akiwa na viatu vilevile. Kwanza unaondoa mavi yote na kusugua kwa sabuni, kwa sababu klorini ikikutana na uchafu inachoka kabla ya kufika kwa kirusi. Ndipo unapaka klorini, kipimo kimoja kwa maji vipimo 30, unaiacha dakika 10 huku mbwa wa jirani anakupigia kelele kwenye sikio, unasuuza, unakausha. Parvo inaweza kuishi kwenye udongo miezi, hata mwaka. Mtu akiruka hizo dakika 10 kwa sababu watu wamejaa getini, unakuwa umempaka kirusi kizimba kizima kwa ufagio. Nimewahi kuziruka. Sijui kama kuna aliyekufa kwa sababu yangu, na nimeamua kutozihesabu.

#21 Mama Pacha

Post #20 imenikaa kooni. Asante kwa kusema.

#22 Chura wa Kisimani

Mnaongea vizuri ila hakuna aliyegusa kinachofanyika nyuma ya jengo. Vituo vya umma vinaua. Mnyama mzima anapigwa sindano kwa sababu hakuna nafasi. Hapo mjini kuna vituo binafsi visivyoua hata mmoja, kwa nini cha umma kishindwe? Ni uzembe.

#23 Karani wa Zamani

@Chura, mnyama aliyekataliwa na kituo binafsi kisichoua huwa anapelekwa wapi? Kwangu. Kituo kinachochagua wa kupokea kinaweza kuweka mikono safi. Cha umma kinapokea mzee, kipofu, aliyegongwa na gari, aliyeng'ata, na paka shume asiyeshikika hata na shetani, wote kwa mlango mmoja. Na hata hao wanaojiita wasioua, wengi wanapima kwa kiwango cha 90 kati ya 100 kutoka hai, si 100.

Nimemshika mnyama kwenye sindano mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema. Ni dawa ya usingizi kwa dozi kubwa mno, anazimika kwa sekunde. Unamshika kidevu ili kichwa kisianguke. Kuna waliolala hivyo kwa maumivu yasiyopona, na nikaenda nyumbani nikala vizuri. Na kuna waliolala kwa sababu Ijumaa ilikuwa imejaa. Hao ndio walionifanya niitwe wa zamani.

#24 Chura wa Kisimani

Nimekuelewa mzee, na pole. Lakini umethibitisha nilichosema, Ijumaa ilijaa na wakafa wazima. San Francisco mwaka 1994 shirika binafsi lilikubaliana na kituo cha jiji kwamba mnyama mwenye afya akikosa nafasi cha jiji, wao wanamchukua. Kumbe inawezekana mlango mmoja ukamsaidia mwingine.

#25 Karani wa Zamani

Inawezekana, hilo silikatai. Kwetu huo mkono haukuwepo.

#26 Kisigino

Tukumbuke tulikotoka jamani. Kituo cha kwanza cha mbwa duniani kilifunguliwa Battersea, London, 1860. Kabla ya hapo ilikuwa ni rungu na maji. New York karne ya 19 mbwa wa mitaani walijazwa kwenye tundu la chuma wakazamishwa East River.

#27 Mtu wa Hesabu

Marekebisho madogo. 1860 ni sahihi, lakini Mary Tealby alikifungua Holloway, mtaa mwingine wa London. Battersea wakahamia 1871. Na paka walianza kupokelewa 1883. "Cha kwanza duniani" nisingeiweka hivyo. Kwa Marekani, kinachotajwa sana kuwa cha kwanza ni cha Philadelphia mwaka 1869, cha akina mama wakiongozwa na Caroline Earle White.

#28 Bibi Mapaka

Paka wamesubiri miaka 23! Na bado mnauliza kwa nini wanatuangalia vile.

#29 Mtu wa Hesabu

Nirudi kwenye swali la pili la mleta uzi, kwa sababu nadhani tunahesabu kitu kisichostahili. Tunahesabu wanaoingia na wanaotoka. Kinachojaza vizimba ni siku. Mbwa wanne wakiingia kila siku na kila mmoja akikaa siku 10, una mbwa 40 ndani muda wote. Wakikaa siku 20, una 80. Idadi ya wanaoingia haijabadilika hata mmoja. Kwa hiyo swali ni: nini kinamkalisha mbwa siku 20 badala ya 10?

#30 Karani wa Zamani

Hapo umegusa mfupa. Ukiona vizimba 40 vimejaa usidhani mbwa 40 wanangoja kuchukuliwa. Kuna wa kuokotwa ambao sheria inataka wangojwe siku kadhaa mwenyewe ajitokeze, kwa Uingereza kwa mfano ni siku 7. Kuna walio kwenye kesi, mwenyewe kashtakiwa kwa ukatili, mbwa ni ushahidi, anakaa mpaka hakimu aamue, hata miezi. Kuna waliong'ata mtu, wanaangaliwa siku 14 kwa ajili ya kichaa cha mbwa. Kuna wanaongoja daktari wa kuwahasi ambaye anakuja mara moja kwa wiki. Anayetazama kutoka getini anaona sura 40 za huzuni, anasema hatuwatangazi.

#31 Dokta Kwato

Siku 10, mzee, si 14. Mbwa, paka au feret (mnyama wa kufugwa mfano wa nguchiro) aliyekuwa anatoa kirusi kwenye mate siku aliyong'ata ataonyesha dalili au kufa ndani ya siku 10. Akizimaliza yuko mzima, hakumwambukiza mtu kwa ule ung'ataji.

#32 Karani wa Zamani

Siku 10, asante Dokta. Zilikuwa zinahisi kama 14.

#33 Chura wa Kisimani

Si wawekewe zile chipu tu, zenye GPS, akipotea unamwona kwenye simu? Wa kuokotwa wasingejaa.

#34 Dokta Kwato

Chipu haina GPS na haina betri. Ni kitu cha ukubwa wa punje ya mchele chini ya ngozi, chenye namba ya tarakimu 15. Inasoma pale tu mashine inapopitishwa juu yake, na namba hiyo ina maana ikiwa imesajiliwa na simu ya mwenyewe ni ileile. Hata hivyo inasaidia sana. Utafiti wa vituo 53 vya Marekani, uliochapishwa 2009, ulikuta mbwa wa kuokotwa wenye chipu walirudi kwao 52 kati ya 100, wakati kwa mbwa wote wa kuokotwa ilikuwa kama 22. Kwa paka tofauti ni kubwa zaidi, 38 dhidi ya chini ya 2.

#35 Sumu ya Panya

Chini ya paka wawili kati ya mia wanarudi kwao. Bibi, hao 98 wamepotea au wamehama kwa hiari?

#36 Bibi Mapaka

Waliohama kwa hiari ni wa kwako.

Ila nina jambo langu na hawa wa vituo. Paka mmoja wa nje ninayemlisha alipotea siku mbili, akarudi ncha ya sikio la kushoto imekatwa, sawasawa kama kwa mkasi. Nilitukana mtaa mzima. Nani katili hivi?

#37 Mshika Ufagio

Bibi, hujatendewa ukatili, umesaidiwa. Ni alama. Paka wa mitaani wasiozoea watu hunaswa kwa mtego, hufungwa kizazi, hupewa chanjo ya kichaa, na kurudishwa palepale. Ncha ya sikio hukatwa akiwa usingizini bado, ili mara nyingine akinaswa ijulikane kwa mbali kwamba tayari, asipasuliwe bure.

#38 Bibi Mapaka

Laiti ningejua. Nawaomba radhi majirani mmoja mmoja, na mmoja alishahama.

#39 Ngozi Ngumu

Radhi zimeombwa mara mbili kwenye uzi huu mpaka sasa na zote ni kwa sababu ya paka. Namba 14 mmemsahau.

#40 Mama Pacha

Mimi sijamsahau, nilikuwa nangoja nafasi. Nilichukua mbwa aliyerudishwa mara mbili. Wiki ya kwanza alikuwa malaika, hata nikajisifu. Wiki ya tatu nikaanza kukuta magodoro yametobolewa. Nilikuwa nakasirika, namfokea jioni nikirudi, na yeye anajikunja. Mume wangu akaacha simu ya zamani inarekodi juu ya kabati. Tulipoitazama nilikaa chini. Nilipofunga tu mlango alianza kuzunguka, akahema, mate yakadondoka mpaka sakafuni, akalia kama mtoto, akakwaruza mlango uleule niliotokea. Alikuwa ananitafuta. Dakika 40 bila kupumzika, halafu akalala kwenye kiatu changu.

Sasa hebu zisomeni kadi tatu za namba 14 kwa pamoja: anabweka *mchana*, anakojoa ndani, ameharibu *mlango*. Hayo ni malalamiko matatu au ni moja?

#41 Dokta Kwato

Mama Pacha umewahi mdomoni mwangu. Woga wa kuachwa peke yake unaonekana hivyo hasa: kubweka, haja na uharibifu karibu na milango na madirisha, na yote hutokea mtu akiwa hayupo. Na ingeeleza kwa nini kituoni hakuna kitu, maana kituoni hayuko peke yake hata dakika moja. Mshika Ufagio, hao watatu walikuwa wanashinda nyumbani au kazini?

#42 Mshika Ufagio

Fomu zetu haziulizi hilo. Zinauliza kama una uzio na kama umewahi kufuga. Kama mtu anashinda nyumbani au la, hakuna mstari.

#43 Mtu wa Hesabu

Sitaki kuharibu, lakini kadi tatu kutoka nyumba tatu ni data ndogo mno. Inaweza pia kuwa mlango wa jengo la watu wengi, ngazi zinapiga kelele, mbwa anabweka kwa kila anayepita. Au mvua na radi, kuna mbwa anapasua mlango kwa radi tu. Alirudishwa miezi gani?

#44 Karani wa Zamani

Na mimi bado nasema kadi ni aibu ya mtu. "Ameharibu mlango" inaweza kuwa mkwaruzo wa ukucha na mwenye nyumba anayetafuta sababu.

#45 Ngozi Ngumu

Au hapendi hao watu tu. Hata mimi kuna nyumba nikiingia nataka kutoka.

#46 Jiwe la Pembeni

Au kutomwandaa. Nimesoma huko nyuma watu wanasema siku 3 za kushangaa, wiki 3 za kuzoea, miezi 3 za kujiona kwao. Mbwa huyu alikaa muda gani kila nyumba?

#47 Mshika Ufagio

Nimekwenda kufukua faili. Nyumba ya kwanza siku 19. Ya pili siku 23. Ya tatu siku 16. Miezi tofauti, mmoja ni wa kiangazi, kwa hiyo radi siioni sana. Hakuna aliyefika mwezi.

#48 Dokta Kwato

Hiyo 3-3-3 ni kanuni ya kukadiria tu, si sayansi. Lakini siku 16 kwa mbwa mzee ni sawa na kumtoa mgonjwa hospitali kabla dawa haijashika. Woga wa kuachwa unafundishika: unatoka sekunde 30, unarudi kabla hajaanza kuogopa, kesho dakika moja. Ni kazi ya wiki nyingi na wakati mwingine dawa. Kumfokea kunaongeza tatizo.

#49 Bibi Mapaka

Mpeni mtu aliyestaafu.

#50 Sumu ya Panya

@Nahodha Mstaafu unaitwa.

#51 Nahodha Mstaafu

Nashinda nyumbani kutwa, hilo kweli. Lakini hapa yupo Jenerali, amefungwa kizazi ila cheo hajavuliwa. Makoplo wanne wamepata kwao, mmoja amebaki. Mbwa huyo anawavumilia paka?

#52 Mshika Ufagio

Kadi haisemi. Jumamosi nitampitisha mbele ya chumba cha paka akiwa kwenye kamba, tuone. Paka wenyewe wana maboksi ya kujificha sasa, kuna utafiti wa kituo kimoja cha Uholanzi wa 2014 ulioonyesha paka wapya wenye boksi wanatulia mapema kuliko wasio nalo, tukakusanya maboksi ya bure. Kwa hiyo hakuna atakayedhalilishwa.

Fomu nayo nimeongeza mstari kwa kalamu ya mkono: "Mchana nani yupo nyumbani?" Msimamizi hajauona bado.

#53 Ngozi Ngumu

Akiuona atasema umeharibu fomu ya serikali.

#54 Mshika Ufagio

Mrejesho wa Jumamosi. Tulipita chumba cha paka mara tatu. Mara ya kwanza alisimama, masikio mbele, akanusa chini ya mlango. Mara ya pili akapiga chafya. Mara ya tatu hakutazama kabisa, alikuwa anataka kufika nje kukojoa. Nahodha kaja, wamekaa kwenye benchi nusu saa bila kuongea. Fomu kajaza. Pale kwenye mstari wangu kaandika: "Mimi na Jenerali."

Jumatatu anamchukua kwa majaribio. Kizimba 14 tayari kuna anayekingoja, jike mwenye watoto.

#55 Mtu wa Hesabu

Tuhesabu kuanzia Jumatatu. Siku ya 24 akiwa bado yupo, amevunja rekodi yake.

#56 Sumu ya Panya

Nauliza tu, droo ya soksi imefungwa?